Silanga Lililo Juu ya Kijiji

Mtu asafiriye kutoka mji wa Garissa kwenda Modogashe au Dadaab wakati wa kiangazi hulijua silanga kabla hajaliona, kwa vumbi la mifugo linalopaa angani na kwa njia nyingi za ngamia na mbuzi zinazokutana mahali pamoja. Akifika hukuta shimo pana lililochimbwa ardhini, tuta la udongo upande wa chini, na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Wasomali huliita war. Katika nchi ambayo sehemu zake nyingi hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka mzima, na ambako jua laweza kunyonya zaidi ya mita 2 za maji kwa mwaka kutoka bwawa lililo wazi, maji hayo ndiyo yanayoamua kama kijiji kitabaki au kitahama.

Kazi ya kuyachimba masilanga hayo si ya jana. Katika miaka ya 1940 mjuzi wa miamba, Frank Dixey, alitumwa kuchunguza maji ya jimbo la kaskazini, na baada yake visima na masilanga yalichimbwa ili malisho yaliyokuwa hayana maji yapate kutumika. Katika miaka ya 1950 kazi ya namna hiyo iliendelea, na tangu Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulipoundwa mwaka 1963 kila serikali, na mashirika ya misaada pia, yameongeza ya kwao. Leo mtu hawezi kuyahesabu kwa vidole. Watu hulisifu silanga kwa wingi wa maji yake. Ni wachache wanaouliza swali la pili, yaani: maji hayo yakitoka yote kwa mara moja yataelekea wapi, na nani analala huko?

Maji ni mazito kuliko yanavyodhaniwa na mtu aliyezoea kuyabeba kwa mtungi. Mita moja ya ujazo ni tani moja kamili, nayo ni madebe 50 ya lita 20. Silanga la mita za ujazo 30,000 si kubwa. Hata hivyo limebeba madebe milioni moja na nusu, au mzigo wa malori 3,000 ya tani kumi kumi. Mzigo huo umezuiliwa na udongo tu, udongo ambao haukuunganishwa na saruji wala chuma, bali ulisukumwa na tingatinga na kushindiliwa, na pengine haukushindiliwa sawasawa.

Yafaa hapa kutenga mambo mawili ambayo hata makarani wa ofisi huyachanganya. Jambo la kwanza ni uzima wa tuta: je, lina ufa, limechimbwa na wanyama, linavuja? Jambo la pili ni madhara yatakayotokea likivunjika. Wahandisi wanaposema juu ya daraja la hatari la bwawa, husema juu ya jambo hilo la pili peke yake. Tuta laweza kuwa zima kama siku lilipojengwa, na bado likawekwa katika daraja la juu la hatari, kwa sababu chini yake kuna shule. Na tuta jingine laweza kuwa bovu kabisa, lakini likawa katika daraja la chini, kwa kuwa likibomoka litamwagika nyikani ambako hakuna mtu wala zizi. Basi mzee wa kijiji akiambiwa kwamba silanga lake ni la hatari kubwa, asidhani kwamba fundi wake ametukanwa. Ameambiwa tu kwamba watu wengi wanalala mbele ya maji.

Katika nchi nyingi madaraja hayo ni matatu. La juu ni lile ambalo kuvunjika kwake kutaleta vifo. La kati ni lile ambalo halitazamiwi kuua, lakini litaharibu barabara, mashamba, mifugo au visima vya watu. La chini ni lile ambalo hasara yake ni ya mwenye bwawa tu. Katika Kenya, kanuni za maji za mwaka 2007 zilifuata njia nyingine, ya kupima ukubwa. Daraja A, la hatari ndogo, ni bwawa lenye kina cha maji kisichofika mita 5, maji yasiyofika mita za ujazo 100,000, na eneo linalokusanya mvua lisilofika kilomita za mraba 100. Daraja B hufika karibu na mita 15 za kina, mita za ujazo 1,000,000 na kilomita za mraba 1,000. Lipitalo hapo ni daraja C, la hatari kubwa.

Njia hiyo ya ukubwa ina faida yake, maana karani mwenye kamba na daftari aweza kuitumia bila kubahatisha. Lakini ina shimo ndani yake. Karibu masilanga yote ya Garissa, kwa kina na kwa wingi wa maji, yangeangukia daraja A, nayo barua yenye neno “hatari ndogo” hufanya watu walale usingizi mzuri. Kipimo cha tatu ndicho kinachosahauliwa mara nyingi. Lagga, yaani mkondo mkavu usio na maji isipokuwa wakati wa mvua, laweza kukusanya maji ya nchi pana sana. Lagh Dera, ambayo jina lake limepewa jimbo la uchaguzi la Lagdera, hukusanya mvua iliyonyesha mbali kabisa na macho ya watu wa chini. Silanga dogo likijengwa kukatiza lagga ya namna hiyo, laweza kuwa na kina cha mita 3 tu, na bado eneo lake la mvua likalipeleka katika daraja la juu. Mtu akitaka kujua ukubwa wa maji yatakayokuja, asilitazame shimo. Atazame juu ya mkondo.

Kenya ilijifunza jambo hili kwa uchungu, na si katika nchi kavu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika Solai, wilaya ya zamani ya Nakuru ambayo sasa ni kaunti, bwawa la udongo lililojulikana kama Patel lilivunjika juu ya kilima. Maji yaliteremka gizani yakapita juu ya nyumba za watu waliokuwa wanakula chakula cha jioni au wamekwisha kulala. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Halikuwa bwawa la umeme wala la kusifiwa katika ramani. Lilikuwa bwawa la shamba. Marekani nayo ilipata somo kama hilo tarehe 6 Novemba 1977, katika Toccoa, jimbo la Georgia. Huko tuta la udongo la Kelly Barnes, lenye urefu wa mita 12 hivi, lilibomoka usiku wa manane juu ya chuo kimoja na kuua watu 39. Ndipo Rais Carter alipoamuru mabwawa yote ya hatari katika nchi yake yakaguliwe.

Watu wa Garissa wamezoea kuogopa bwawa lililo mbali. Mto Tana ukifurika, kila mtu hutaja Masinga, bwawa lililojengwa mwaka 1981 lenye maji zaidi ya mita za ujazo bilioni moja, na hofu hiyo ina sababu zake, maana mashamba ya ndizi na maembe ya ukingoni yamezama mara nyingi, na barabara ya Nairobi imekatika pale Madogo. Lakini Masinga ina wahandisi, ina vipimo, na maji yake yanapozidi hutangazwa redioni. Silanga lililo nyuma ya kijiji halina mtangazaji. Likivunjika usiku, habari na maji hufika pamoja.

Nchi nyingine kavu imekwisha kuonyesha jambo hilo lafikia wapi. Mji wa Derna, katika Libya, umejengwa mdomoni mwa bonde kavu lililo kama lagga, ila lina kina zaidi. Juu yake palijengwa mabwawa mawili katika miaka ya 1970. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, mvua ya dhoruba ilijaza bwawa la juu likavunjika, na maji yake yakalivunja la chini. Maelfu ya watu walikufa, na mitaa mizima ilichukuliwa baharini. Mabwawa hayo yalikuwa makubwa mno kuliko silanga lolote la Fafi au Balambala, na hayafai kulinganishwa kwa ukubwa. Yanafaa kulinganishwa kwa mpango: bonde ambalo watu hulidhani limekufa kwa kuwa ni kavu, na mabwawa mawili katika mkondo mmoja, ambayo la juu likianguka la chini haliwezi kusimama. Katika lagga nyingi masilanga yamepangwa hivyo hivyo, moja juu ya jingine, kila moja likiwa na kamati yake isiyojua hali ya jirani.

Sasa kuna jambo ambalo ni la Kaskazini Mashariki hasa. Mahali pengine bwawa hujengwa karibu na watu. Huku watu hujengeka karibu na bwawa. Silanga huchimbwa nyikani, pasipo na nyumba hata moja, na siku hiyo kwa haki kabisa huandikwa kuwa hatari ndogo. Mwaka wa pili huja duka la chai. Kisha huja msikiti, madarasa mawili ya mabati, na familia zilizopoteza ng'ombe katika ukame na kuamua kukaa mahali pamoja. Nao hawajengi juu, maana juu ni kichaka na maji hutiririkia silangani kutoka huko. Hujenga chini ya tuta, ambako ardhi ina unyevu, miti ina kivuli, na mwanamke aweza kupanda mboga. Baada ya miaka kumi tuta ni lile lile, maji ni yale yale, lakini daraja la hatari limepanda kutoka chini hadi juu, na hapana mtu aliyebadili neno katika faili. Kasoro hiyo ni kubwa kuliko nyufa zote, na dawa yake ni rahisi: faili ifunguliwe tena kila mara nyumba mpya zinapojengwa.

Tuta la udongo hufa kwa njia chache. Iliyo ya kawaida ni maji kupita juu yake. Ukuta wa mawe waweza kuvumilia saa kadhaa za maji yapitayo juu, udongo hauwezi. Maji yakipata mahali palipo chini kuliko pengine, hata kwa kiganja kimoja, hukusanyika hapo, hukata mfereji, na mfereji huo huwa lango kabla ya alfajiri. Mahali hapo pa chini mara nyingi hutengenezwa na ng'ombe na ngamia wanaopanda tuta mahali pamoja kila siku wakienda kunywa. Ndiyo sababu mafundi husisitiza uzio na hori la kunyweshea mifugo nje, si kwa ajili ya usafi wa maji peke yake, bali kwa ajili ya mgongo wa tuta. Kwa desturi ya mabwawa madogo mgongo huo huachwa juu kuliko maji yaliyojaa kwa karibu mita moja, na pembeni huchimbwa mfereji mpana wa kumwagia maji ya ziada. Mfereji huo huchukiwa na watu wengi, kwa kuwa huonekana unapoteza maji ya Mungu. Basi huzibwa kwa miiba na magunia ya mchanga ili silanga lijae zaidi. Aliyefanya hivyo amelitia silanga lake kitanzi. Huko Johnstown, Marekani, tarehe 31 Mei 1889, tuta ambalo njia yake ya maji ya ziada ilikuwa imewekewa wavu wa kuzuia samaki wasitoroke, tena mgongo wake ulikuwa umeshushwa, lilivunjika na kuua watu zaidi ya 2,200.

Njia ya pili haionekani kwa urahisi, nayo ni maji kujitoboea tundu ndani ya tuta. Mchwa, ngiri na nungunungu huanza kazi hiyo, na mizizi huwasaidia. Mathenge, mti ulioletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, sasa umeota kila mahali penye unyevu tangu Bura hadi Dadaab, na tuta la silanga ndilo kitanda chake kizuri. Mti huo ukikatwa na kisiki kuachwa, mizizi huoza na kuacha mirija. Afadhali mche ung'olewe ungali kidole kuliko kungoja uwe mti.

Lakini adui aliye mbaya kuliko wote ni udongo wenyewe. Sehemu nyingi za nchi kavu zina udongo wa mfinyanzi wenye chumvi ya sodiamu, ambao ukiwa mkavu ni mgumu kama jiwe na ukilowa huyeyuka wenyewe kama maziwa ya unga. Tuta lililojengwa kwa udongo huo huliwa kutoka ndani bila kelele. Jaribio lake halihitaji maabara. Chukua donge la udongo lenye ukubwa wa punje ya mahindi, lidondoshe polepole katika glasi ya maji safi ya mvua, kisha liache bila kulitikisa kwa muda wa dakika kumi hivi. Donge likisambaratika tu na kulala chini, huku maji yakibaki meupe, si neno. Wingu kama la maziwa likitanda kulizunguka na kuenea chini ya glasi, udongo huo haufai kuaminiwa mpaka mhandisi auone. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike, kwa kuwa chumvi huficha ugonjwa.

Kuna hatari nyingine ya nchi ya kiangazi, nayo ni ukavu. Bwawa la nyanda za juu halikauki. Silanga la Garissa laweza kukaa tupu miezi mingi. Tuta hupasuka, na ufa unaopita kutoka upande wa ndani hadi upande wa nje ni mlango uliofunguliwa ukingoja maji. Kwa hiyo saa ya hatari kubwa ni mafuriko ya kwanza baada ya ukame mrefu, saa ile ile ambayo kijiji kizima kinashangilia. Tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022 mvua za misimu mitano mfululizo zilishindwa, na masilanga mengi yalibaki vumbi. Wakati kama huo watu hupata nafasi ya kuzoa tope, nalo ni jambo jema, lakini tope lililozolewa likirundikwa juu ya tuta bila kushindiliwa huonekana limeliongezea kimo, na kumbe halikuliongezea nguvu. Kisha mvua za Novemba 2023 zilikuja kwa ghadhabu katika Garissa, Wajir na Mandera, zikabeba mifugo na nyumba.

Si kila bwawa limejengwa na mtu aliyekusudia kujenga bwawa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliua watu zaidi ya 40, na habari ya kwanza ilisema kwamba bwawa limevunjika. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya chini yake kuzibwa na magogo na taka. Tuta la barabara linalokatiza lagga laweza kufanya vivyo hivyo, na kwa kuwa halina jina la silanga, halimo katika orodha ya mtu yeyote.

Mhandisi wa nyanda za juu akiona tuta la mashaka huweza kuamuru bwawa likaushwe, kama yalivyokaushwa mengine baada ya Solai. Amri hiyo Garissa yaweza kuwa hukumu ya kifo kwa mifugo ya ukoo mzima. Kwa hiyo wazee hawana kosa wakimficha mkaguzi ufa, ikiwa wanajua kwamba dawa pekee aliyo nayo ni kuyamwaga maji. Ni heri waambiwe kwamba dawa ziko nyingine. Mfereji wa ziada waweza kupanuliwa na kushushwa kidogo, na maji yakashuka nusu mita bila silanga kufa. Maji yaliyo chini ya usawa wa ardhi hayawezi kukimbilia kijiji hata tuta likiondoka. Yanayoua ni yale yaliyoinuliwa juu ya ardhi. Basi silanga lililochimbwa kwa kina na kuwa na tuta fupi ni salama kuliko lenye shimo fupi na tuta refu, ingawa maji ni sawa. Na mahali ambapo nyumba zimekwisha kujengwa njiani mwa maji, ni rahisi zaidi kuhamisha vibanda kumi kwenda mwinuko wa pembeni kuliko kuhamisha silanga.

Idhini ya kujenga tuta na ukaguzi wake ni shauri la Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na serikali ya kaunti ina sehemu yake. Lakini ofisi iko mjini, na lagga hujaa katika saa moja. Kamati ya silanga yaweza kuwa na mtu wake, kijana mwenye macho na miguu, apewe kazi ya kutembea juu ya mgongo wa tuta kabla ya gu na kabla ya deyr, kutoka ncha hadi ncha, akitazama penye mabonde, mashimo na nyufa, kisha ashuke chini ya tuta upande wa nje atafute unyevu. Akikuta maji yanayotoka polepole nayo ni meupe, aandike na kupeleka habari. Akikuta yanatoka yakiwa na rangi ya udongo, tuta limeanza kuliwa, na hapo hakuna la kuandika kwanza: watu waamshwe, wapande mwinuko pamoja na watoto na wagonjwa, mifugo ifuate.

Na usiku ambao umeme wa mvua unaonekana mbali upande wa Wajir, hata kama hapo kijijini nyota zinang'aa na hakuna tone lililoanguka, kijana huyo achukue tochi yake akakae mwanzoni mwa mfereji wa ziada, auondoe mwiba uliowekwa na watu, na asikilize.